Utando wa poliimaidi: shajara ya mradi na ugomvi wetu na maji

Wiki ya 1, Jumatatu

Lengo letu ni dogo kwa maneno. Tunataka kipande cha utando wa poliimaidi chenye unene wa mikromita 25 hivi, tukikunje katikati, tukibonyeze mkunjo kwa ukucha, tukikunjue, na kisipasuke. Tukifika hapo tutajaribu wa pili, usio na rangi. Sipangi zaidi ya hapo. Mradi uliopita nilipanga mambo kumi na mawili nikamaliza mawili.

Kwa atakayesoma kurasa hizi bila kuifahamu polima yenyewe: ni ile plastiki ya rangi ya kaharabu inayobeba saketi nyembamba zinazokunjika ndani ya simu na kamera. Aina inayojulikana zaidi ni Kapton, ya kampuni ya DuPont, iliyoingia sokoni miaka ya 1960. Haiyeyuki. Ukiipeleka kwenye moto haidondoki matone kama mfuko wa plastiki, inageuka makaa tu. Inavumilia baridi ya digrii 269 chini ya sifuri, na joto la digrii 400 kwa muda mfupi. Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, imekingwa na jua kwa matabaka matano ya utando huu yaliyopakwa alumini. Tabaka linalotazama jua lina mikromita 50, mengine 25. Kwa hiyo unene tunaoutafuta hapa mezani ni uleule unaoifichia darubini jua.

Ugumu wa kazi unatokana na sifa hiyohiyo. Kitu kisichoyeyuka kwa joto wala katika kiyeyushi chochote cha kawaida utakipaje umbo? Jibu ni kufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza unatengeneza asidi ya poliamiki, ambayo bado ni kimiminika kizito, unaitandaza juu ya kioo, kisha unaipeleka tanurini na poliimaidi inazaliwa humo ikiwa tayari na umbo lake. Wafinyanzi walishalisema zamani: udongo upatize uli maji.

Malighafi zetu ni mbili. PMDA ni anhidridi (asidi iliyoondolewa maji ikajifunga kuwa pete) yenye pete mbili, moja kila upande wa molekuli. ODA ni diamini yenye mikono miwili ya naitrojeni, na katikati yake kuna atomi ya oksijeni inayofanya kazi kama bawaba. Amini, yaani mkono huo wa naitrojeni, inaishambulia pete ya anhidridi, pete inafunguka, upande mmoja unakuwa kiungo cha amaidi na upande wa pili unabaki asidi. Vipande hivyo vikishikana mkono kwa mkono ndio mnyororo. Ukiupasha joto baadaye, naitrojeni ya amaidi inaigeukia asidi iliyo jirani yake, pete mpya ya imaidi inajifunga, na maji yanatoka. Molekuli mbili za maji kwa kila kipande kinachojirudia. Hayo maji yatajwe mapema, maana naona yatatusumbua.

Jumanne

Mizani. ODA gramu 4.0048, PMDA gramu 4.3624, kila moja moli 0.0200 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Kiyeyushi ni DMAc gramu 47.4, ili yabisi iwe asilimia 15 ya myeyusho wote.

Mwenzangu ameuliza kwa nini ninahangaika na tarakimu nne baada ya nukta. Nimemwandikia ubaoni fomula ya Carothers, inayokadiria urefu wa mnyororo. Ukikosea uwiano wa malighafi mbili kwa asilimia 1 tu, hata mmenyuko ukienda mpaka mwisho kabisa, mnyororo wa wastani utaishia vipande 199. Ukikosea kwa asilimia 2, ni vipande 99. Kwa asilimia 5 vinabaki 39, na utando wa namna hiyo utapasuka kabla hujaubandua kwenye kioo. Hakuna mahali pengine maabara ninapoiogopa mizani kama hapa. Hata unga ulioganda kwenye karatasi ya kupimia ni hasara ya kweli, kwa hiyo tunapima karatasi kabla na baada ya kumimina.

Jumatano

Tumeyeyusha ODA katika DMAc chini ya naitrojeni, chupa ikiwa ndani ya beseni la maji ya digrii 15 kwa sababu mmenyuko unatoa joto. PMDA tumeiongeza ikiwa unga, kwa mafungu matano, ndani ya saa moja. Mpangilio huu si wa hiari. Ukianza kwa kuiyeyusha PMDA yenyewe, inakaa ndani ya kiyeyushi ikisubiri, na katika kusubiri huko unyevu unaifikia kabla ya amini. Ukiiingiza ikiwa unga ndani ya bahari ya amini, kila chembe inapoanza kuyeyuka inakuta mshirika wake yuko tayari.

Rangi ilikuja vizuri, njano ya kiini cha yai. Ila mnato haukuja. Tulitarajia asali, tumepata mafuta ya kupikia. Tumeiacha ikorogwe usiku kucha.

Alhamisi

Asubuhi sumaku inayokoroga ndani ya chupa bado inazunguka kwa raha zake. Hakuna polima humu ya kutengenezea chochote.

Nimekwenda kwa fundi mkuu wa maabara, ambaye sisi sote tunamwita Mzee.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. PMDA umeikausha?"

Hata sikuwa nimeeleza tatizo. Nikasema chupa ilikuwa imefungwa vizuri. Akacheka kidogo, akauliza imefunguliwa mara ngapi tangu inunuliwe. Sikuwa na jibu. "Basi mwanangu, umepima asidi ukaiita anhidridi."

Ukweli ni kwamba pete ya anhidridi inashika maji ya hewani na kugeuka asidi, na asidi hiyo haijiungi na amini kwenye joto la chumba. Macho hayasaidii, maana yote mawili ni unga mweupe. Tukaipitisha PMDA yetu kwenye mashine ya infraredi, inayotambua viungo vya molekuli kwa mwanga unaomezwa navyo. Kwenye grafu yake vilele vya anhidridi vipo, ila pembeni yake kuna kilima kipana kati ya mawimbi 2500 na 3300 kwa sentimita, na hicho ni haidrojeni ya asidi. Mzee alikuwa amekiona kilima hicho bila mashine.

Halafu nikapiga hesabu ya kiyeyushi. DMAc inapenda maji kama chumvi inavyoyapenda. Tukiichukulia chupa yetu ya zamani kuwa na maji asilimia 0.1 tu, ndani ya gramu 47.4 kuna miligramu 47 za maji, yaani milimoli 2.6. Pete zetu zote za anhidridi ni milimoli 40. Si maji yote yatakayozipata, maana amini ina kasi kuliko maji, lakini fungu hilo linatosha kabisa kutushusha kutoka kwenye vipande mia mbili hadi vichache vya kuhesabu. Tumeumizwa mara mbili, kwa unga na kwa kiyeyushi.

Ijumaa

Siku ya kukausha, haina masimulizi. PMDA ndani ya tanuri la ombwe, digrii 160, usiku kucha. ODA digrii 80, ombwe pia. DMAc mpya, imefunguliwa mara moja na kuwekewa vichujio vya molekuli vilivyochomwa (punje zinazonyonya maji). Vyombo vyote vya kioo vimelala kwenye tanuri la digrii 120.

Kumbukumbu ya usalama, kwa sababu jana nilimwona mwenzangu amevaa glavu za bluu za kawaida: DMAc inazipenya ndani ya muda mfupi sana, nayo ni kemikali inayodhuru uzazi. Atumie glavu za butili, na kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Wiki ya 2, Jumatatu

Imekubali.

Naandika kwa mpangilio, maana najua nitasahau. PMDA hatukuiweka yote. Tulibakiza miligramu 65, yaani asilimia 1.5. Baada ya fungu la nne mnato ulianza kupanda kwa wazi. Baada ya saa mbili myeyusho ulikuwa kama shira. Ndipo tukaanza kuongeza yale mabaki kwa ncha ya kijiko, miligramu kumi kumi, tukingoja dakika ishirini kila mara.

Miligramu kumi za kwanza hazikufanya lolote la kuonekana. Za pili, sumaku ilianza kusuasua. Za tatu zilikaa juu ya uso wa myeyusho kama unga wa ngano juu ya uji, zikazama polepole zikiacha vijistari vya njano iliyokolea, na vilipopotea tu sumaku ikagonga ukuta wa chupa mara mbili, ikasimama. Nilidhani mashine ya kuizungusha imezimika. Haikuzimika. Nilipoinamisha chupa, myeyusho ulichukua muda wa kuhesabu hadi saba kabla ya kuanza kusogea.

Hapo ndipo fomula ya Carothers inapoacha kuwa wino ubaoni. Miligramu thelathini za unga, usizoweza kuzihisi kiganjani, zimeunganisha minyororo mifupi ikawa mirefu kwa sababu uwiano ulifika karibu na moja. Na lazima kusimama hapo. Ukiendelea kuongeza unapita upande wa pili, ncha zote zinakuwa za anhidridi, hakuna amini ya kushikana nayo, na mnato unaanza kushuka tena. Miligramu 35 zilizobaki nimezirudisha kwenye chombo kikavu. Kwamba zimebaki ni ushahidi kuwa ODA yetu nayo haikuwa safi asilimia mia.

Mara nyingine tutatumia kikorogeo cha fimbo na mota. Nimeonywa kwamba myeyusho wa namna hii huipanda fimbo badala ya kuikimbia, na ukizembea utaukuta umefika kwenye mota.

Jumanne

Myeyusho umeingia kwenye friza, digrii 18 chini ya sifuri. Asidi ya poliamiki haikai mezani. Kiungo chake kinaweza kujirudisha nyuma kuwa anhidridi na amini, na maji yakiwepo yanaidaka hiyo anhidridi kabla haijarudi kwa mwenzake. Mnato unashuka siku hadi siku. Kutoa kwenye friza: chupa ifunguliwe ikishapata joto la chumba, si kabla, la sivyo umande utaingia.

Jumatano

Kutandaza. Kisu cha kutandazia tumekiweka mikromita 250 juu ya kioo. Hesabu ya unene: yabisi ni asilimia 15, inapoteza asilimia 8.6 ya uzito wake kwa maji ya kufunga pete (kutoka 418 hadi 382 kwa kila kipande), na poliimaidi ina densiti ya 1.42. Inakuja karibu mikromita 24. Nzuri.

Kioo cha kwanza tulikiacha mezani wakati tunatandaza cha pili. Ndani ya dakika kumi kimefifia, ukingoni kwanza kisha kote, mpaka kikawa rangi ya maziwa. Nilidhani ni vumbi. Ni maji tena! DMAc iliyo wazi inavuta unyevu wa hewani, polima haipendi maji, inajitenga na kiyeyushi na kuganda ikiwa na vitundu vidogo vidogo vinavyotawanya mwanga. Kuna wanaotengeneza matabaka ya kuchujia gesi kwa kutumia jambo hilihili makusudi. Sisi tumekwangua kioo.

Cha pili na cha tatu tumevifunika kwa sanduku lenye naitrojeni kavu inayopita polepole, digrii 70, saa nne. Vimebaki angavu.

Alhamisi

Kosa langu mwenyewe, silaumu kifaa. Nilikuwa na haraka, nikapeleka kioo cha pili kutoka digrii 70 moja kwa moja hadi 250. Utando umejaa viputo, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Kiyeyushi kilichobaki kilichemka (DMAc inachemka digrii 165, na asidi ya poliamiki inaikumbatia kwa vifungo vya haidrojeni kiasi kwamba haiondoki yote kwa kukausha tu), na wakati huohuo maji ya pete yakatoka yote pamoja. Uso ulishaganda, hakuna mlango.

Ratiba sahihi, ambayo ipo katika kila maelezo ya kazi hii na ambayo nilijifanya mjuaji kuliko hiyo: digrii 100 saa moja, 200 saa moja, 300 saa moja, chini ya naitrojeni, kupanda digrii mbili au tatu kwa dakika. Kupoza taratibu.

Ijumaa

Kioo cha tatu kimepanda kwa ratiba. Pembeni yake niliweka kipande kidogo cha majaribio ambacho nilikitoa kikiwa digrii 180, kwa udadisi tu. Nilikikunja kikavunjika vipande viwili kwa sauti, kama ganda la kitunguu lililokauka. Moyo ukanishuka. Nikaenda kuzima tanuri.

Mzee akanizuia. "Acha ifike mia tatu. Katikati ya safari huwa hivyo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katikati, kati ya digrii 150 na 200, baadhi ya viungo vya amaidi hujifungua badala ya kufunga pete, na maji yanayotolewa na majirani zake yanavamia ncha za anhidridi zilizobaki wazi. Minyororo inakatika na kuwa mifupi, na utando unakuwa dhaifu kuliko ulivyoingia. Joto likipanda zaidi, asidi za ncha hizo zinatoa maji yake, anhidridi inarudi, inakutana na amini, na mnyororo unajiunga upya. Ndiyo maana anayeishia digrii 200 kwa kuogopa kuunguza utando wake anapata kitu kibovu, na pengine anaandika kwamba malighafi zilikuwa mbaya.

Wiki ya 3, Jumatatu

Utando umeng'ang'ania kioo. Hautoki kwa wembe bila kuchanika ukingoni. Umepoa ukiwa na mvutano, maana poliimaidi inasinyaa kuliko kioo: utando wa Kapton hutanuka sehemu 20 kwa milioni kwa kila digrii, kioo cha borosilikati 3.3 tu.

Tumekilaza kioo chote ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Nusu saa. Ukingo mmoja ukanyanyuka wenyewe, maji yakajipenyeza chini yake kama ulimi, na utando ukaelea. Wiki mbili nimekuwa nikiyafukuza maji kwenye chupa, kwenye unga na hewani, leo yamenifanyia kazi ambayo wembe ulishindwa.

Kipande ni sentimita 8 kwa 8. Rangi ya chai isiyo na maziwa, angavu. Unene, pembe nne na katikati: 22, 24, 24, 25, 26. Kioo hakikulala sawa, hilo ni dhahiri. Nimekata ukanda, nimeukunja, nimeubonyeza kwa ukucha, nimeukunjua. Kuna mstari. Hakuna ufa. Nimekunja mara thelathini palepale, mwenzangu akanichukua ukanda mkononi akakunja zake.

Jumatano

Infraredi ya utando. Vilele vya imaidi viko mahali pake: 1776, 1720, 1375 na 725 kwa sentimita. Kile cha amaidi, karibu na 1655, kimezama hadi huwezi kukitofautisha na msingi. Kipimo cha kufunga pete tunakipata kwa kulinganisha kilele cha 1375 na kile cha pete ya benzini karibu na 1500, ambacho hakibadiliki. Ukanda tuliouongezea saa moja kwenye digrii 350 umetoa uwiano uleule, kwa hiyo 300 ilitosha.

Ijumaa

Mashine ya kuuvuta utando hadi ukatike ilikuwa na foleni, tumepata nafasi jioni. Kapton ya kiwandani inakatika kwenye megapaskali 231 baada ya kurefuka asilimia 72. Kanda zetu tano bora zimekatika kati ya 120 na 150, na kurefuka asilimia 25 hadi 35. Sioni haya. Nilizitazama ncha zilizokatika kwa hadubini: nne kati ya tano zilianza kuchanika kwenye ukingo, palipokatwa kwa mkasi. Moja ilianzia kwenye chembe ya vumbi. Tunapima mkasi wetu kama tunavyopima polima. Wiki ijayo tutakata kwa kisu kipya na rula ya chuma, na myeyusho utachujwa kabla ya kutandazwa.

Ugumu wa utando unapoanza tu kuvutwa, ambao haujali sana ukingo, umetoka gigapaskali 2.4 dhidi ya 2.5 ya kiwandani. Namba hii ndiyo ninayoiamini.

Wiki ya 4, Jumanne

Sasa ule usio na rangi.

Rangi ya kaharabu haitokani na uchafu. Sehemu ya ODA ina elektroni za kutoa, sehemu ya PMDA ina njaa ya elektroni, na minyororo inapolala kwa kubanana, sehemu ya mtoaji ya mnyororo mmoja inakaa juu ya sehemu ya mpokeaji ya mwingine. Ubadilishanaji huo unameza mwanga wa bluu, jicho linabaki na njano. Dawa yake ni kuitenganisha minyororo na kupunguza ukarimu wa mtoaji. Tunatumia 6FDA, anhidridi yenye makundi mawili ya CF3 (kaboni moja na florini tatu) yanayotokeza pembeni kama viwiko, pamoja na TFMB, diamini yenye CF3 zake mbili. Moli 0.0100 kila moja: gramu 4.4424 na gramu 3.2023, DMAc gramu 43.3.

Mmenyuko ni mvivu. CF3 inazivuta elektroni za amini na kuipunguzia makali. Kazi ya saa chache kwa ODA, hapa ni saa 24, na mnato bado ni wa kiasi.

Alhamisi

Pete za huu hatuzifungi kwa joto. Tumeongeza anhidridi ya asetiki na piridini, milimoli 40 kila moja, joto la chumba, usiku kucha. Anhidridi ya asetiki inayadaka maji ya kila pete papohapo na kugeuka asidi ya siki, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kukata mnyororo. Maabara yote inanuka siki. Sijali.

Leo tumemimina myeyusho kwa uzi mwembamba ndani ya methanoli inayokorogwa. Nyuzi nyeupe zimeganda kama tambi. Zimeoshwa mara tatu na kukaushwa kwenye ombwe. Tumeziyeyusha upya katika DMAc na kutandaza. Hii ndiyo tofauti kubwa: poliimaidi hii, ikiwa imeshafunga pete zake zote, bado inayeyuka, maana viwiko vya CF3 haviiruhusu minyororo ibanane.

Utando umetoka karibu kama kioo cha dirisha. Ukiukunja matabaka manane ndipo unaiona njano hafifu ukingoni. Mwenzangu ameupenda kuliko wa kwanza. Mimi nina wasiwasi nao. Utando unaoyeyuka kwenye kiyeyushi ni rahisi kutengeneza, lakini siku utakapopakwa gundi au kuoshwa kwa kemikali kiwandani, urahisi huo utaugeukia. Kwa skrini inayokunjika, ambapo mwanga lazima upite, sawa. Kwa waya ulio karibu na injini nisingeuchagua.

Wiki ya 5, Jumatatu

Tone la sodiamu haidroksaidi, moli moja kwa lita, juu ya ukanda wa PMDA na ODA. Tumelifunika usiku kucha na kuosha. Doa limefifia rangi, na maji yanayotiririka juu ya utando yakifika pale yanatanda badala ya kuwa matone. Besi imefungua pete za uso na kuzirudisha kuwa chumvi ya asidi ya poliamiki. Kazi yote ya tanuri imefutwa kwa tone moja! Atakayeusafisha utando huu asitumie sabuni kali.

Jumatano

Jaribio la mwisho la awamu hii, kunyonya maji. Kapton inafika asilimia 2.8 ikizama saa 24. Kipande chetu kilichokaushwa kilikuwa gramu 0.2140. Baada ya saa 24 ndani ya maji, kikapanguswa kwa karatasi, gramu 0.2196. Asilimia 2.6. Kwa fundi wa saketi namba hii ina uzito, kwa sababu maji hayo yanapandisha uwezo wa utando kuhifadhi chaji na kuharibu hesabu za mawimbi, na saketi ikipelekwa kwenye risasi iliyoyeyushwa ya kulehemu bila kukaushwa kwanza, maji yanageuka mvuke ndani na kunyanyua shaba.

Nimekirudisha kipande tanurini, digrii 110, saa moja. Mizani: 0.2140.